Maji ya kunywa kutoka baharini: Ngomeni ianzie wapi?

Maji ya bahari hayakati kiu, huizidisha. Kila lita ya Bahari Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo za binadamu haziwezi kuitoa chumvi yote hiyo bila kuchota maji zaidi mwilini. Ndiyo maana Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichoko kwenye rasi kaskazini mwa Malindi, kina bahari mlangoni lakini maji ya kunywa ni ya kutafutwa.

Visima navyo vina hatari yake. Chini ya mchanga wa pwani, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo pampu inayoshusha maji kidogo tu juu huipandisha chumvi kwa kasi kutoka chini. Isitoshe, ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini, eneo ilimo Ngomeni, ya mwaka 2006, ilibeba malalamiko ya wakazi kwamba visima vyao vimeharibiwa na chumvi.

Kwingineko, hoteli nyingi za visiwani zisizofikiwa na bomba hutumia mtambo wa kuondoa chumvi. Ndani yake mna utando mwembamba unaopitisha maji na kuizuia chumvi. Kwa kawaida maji huvutwa kuelekea penye chumvi nyingi, hivyo pampu lazima iyasukume kinyume, kwa shinikizo la bar 55 hadi 70, zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi la gari. Mitambo mikubwa ya kisasa hutumia yuniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000. Midogo huweza kutumia maradufu.

Si kila kisiwa kimefuata njia hiyo. Chumbe, Zanzibar, kila banda la wageni huvuna mvua kutoka paa lake na kuihifadhi chini ya sakafu. Kiunga, kwenye pwani ya bara ya Lamu, njia ilikuwa ya mtambo, ila kwa jua: shirika la GivePower lilijenga mwaka 2018 mtambo wa kuondoa chumvi wa umeme wa jua unaoweza kutoa hadi lita 75,000 kwa siku.

Ngomeni haina haja ya kuanzia baharini. Kisima kilichoingiwa na chumvi kikiwa na gramu 3 hadi 5 kwa lita, shinikizo la bar 10 hadi 20 hutosha, na gharama ya umeme hupungua sana. Sharti ni kupima chumvi ya kisima mara kwa mara na kuwekea pampu kikomo, la sivyo bahari itaingia kabisa.

Swali zito zaidi ni la masalio. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kwa kila lita ya maji safi, mitambo duniani huacha wastani wa lita moja na nusu ya maji makali ya chumvi. Yakimwagwa kwenye vijito vya mikoko, ambako maji hayatembei sana, yatadhuru vifaranga vya samaki na kamba. Hapa Ngomeni ina bahati ya ujirani: mabwawa ya chumvi hungoja jua likaushe maji ya bahari, na masalio ya mtambo unaovuta bahari yamekwisha kukolea. Viwanda vingeweza kuyapokea, mradi dawa za kusafishia utando zitengwe.

Maji yakishatoka mtamboni, kazi haijaisha. Yana madini machache mno, hivyo hula mabomba ya chuma. Kuyapitisha kwenye mawe ya chokaa huyarekebisha. Hayana klorini pia, na mtungi mchafu utayarudishia vijidudu. Kwa mama mjamzito au mgonjwa wa shinikizo la damu, kupunguza chumvi katika maji ya kunywa ni faida. Lakini kuhara kwa sababu ya mtungi mchafu ni hasara ileile ya zamani.

Basi kabla mtambo haujanunuliwa, wakazi waambiwe waziwazi: utavuta maji gani, utayamwaga wapi masalio, na nani atalipia utando mpya ukichakaa. Mwenye kuuza asiyeweza kujibu hayo matatu hajawa tayari kuuza.