Jino likitoka, mfupa nao unakwenda: tujue nini mbele ya kuweka implanti

Wandugu wafanyakazi, wamama na vijana wa makambi, ndani ya mikutano ya sendika tunazungumza sana juu ya mapafu, mgongo na masikio. Juu ya meno tunanyamaza. Lakini tuhesabu kati yetu: huyu jiwe lilimupiga ku uso, yule alianguka na pikipiki akirudi kazi ya usiku, mwingine jino lilioza tu, likatoshwa, basi. Kisha miaka anakusanya makuta juu ya implanti. Munganga wa meno anaangalia radio, anamwambia mfupa hautoshi. Anarudi nyumbani na hasira, anazani wanataka tu kumuongezea bei. Mara nyingi munganga anasema kweli, na ni vizuri tujue sababu.

Juu ya nini mfupa unapunguka

Mfupa unaoshika jino unaishi kwa kazi. Kila tunapotafuna bukari ao nyama, jino linausukuma kidogo, na mwili unaendelea kuulisha. Jino likitoka, mfupa ule unakosa kazi, na mwili unaanza kuuondoa pole pole. Wataalamu walipima: ndani ya mwaka 1 kisha kutosha jino la nyuma, upana wa mfupa unaweza kupunguka karibu nusu, na sehemu kubwa inapotea katika miezi 3 ya kwanza. Ndiyo maana wazee waliokaa bila meno siku nyingi mashavu yao yanaingia ndani.

Implanti ni kama bulo ndogo ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa, jino linawekwa juu yake. Munganga wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliona katika miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba chombo chake cha titani kimeshikana na mfupa mpaka hakitoke tena. Mwaka 1965 alimuwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson. Implanti zake zilimutumikia mpaka alipokufa, mwaka 2006.

Lakini wale wanaoshuka chini ya udongo wanajua: bulo ya kushika mwamba wa juu inataka jiwe nzima. Ukiitia mu jiwe lililooza ao jembamba, itatoka. Mdomoni ni vilevile.

Namna ya kurudisha mfupa

Kuko njia 4 za kupata mfupa wa kujaza. Ya kwanza ni mfupa wako mwenyewe: wanakata kidogo ku kidevu, nyuma ya taya, ao ku nyonga kama inatakiwa mwingi. Ya pili ni mfupa wa mtu aliyekufa, uliotengenezwa na kusafishwa. Ya tatu ni ya ng'ombe: wanaondoa mafuta na nyama yote, inabaki chumvi ya mfupa tu. Ya nne inatengenezwa ku laboratwari, na kalisi na fosfati.

Mfupa wako peke yake ndio uko na chembe za uhai. Ile ingine ni kama mbao za kujengea ukuta: mwili wako unapanda juu yake, unajenga mfupa mupya. Lakini ukijitolea mfupa, unapata vidonda 2, na kila kimoja kinauma. Kwa hiyo munganga mara nyingi anachanganya.

Tatizo lingine: nyama ya fizi inakua mbio kuliko mfupa. Ukiacha kishimo wazi, fizi inaingia na kuchukua nafasi. Ndiyo maana wanafunika mfupa na kitambaa chembamba, membrani, kinachozuia fizi na kuacha mfupa ukue chini yake. Ingine inayeyuka yenyewe, ingine inatoshwa nyuma.

Ku meno ya juu ya nyuma, kuko chumba cha hewa pembeni ya pua. Mfupa ukiwa mfupi, munganga anafungua kidirisha, anainua ngozi ya kile chumba bila kuipasula, anatia mfupa chini yake. Wamarekani Boyne na James walieleza kazi hii katika maandiko mwaka 1980. Aliyefanyiwa asipenge makamasi kwa nguvu mpaka munganga amuruhusu.

Wengine wanakutolea damu, wanaizungusha mu mashini, wanarudisha sehemu inayosaidia kidonda. Njia hiyo ilianza Ufaransa kwa Joseph Choukroun, mwaka 2001. Inasaidia kupona, lakini mtu asikudanganye kwamba peke yake inajaza mfupa uliopotea sana.

Saa na hatari

Mfupa unataka miezi 4 mpaka 9 kushika, kisha implanti nayo inataka miezi kadhaa mbele ya kubeba jino. Mtu akikuahidi mfupa mwingi na meno kwa juma moja, muulize maswali.

Sigara inaharibu kazi hii, kwa sababu inapunguza damu inayofika ku kidonda. Ugonjwa wa sukari usiochungwa na fizi zinazotoka damu nazo ni hatari. Anayekunywa dawa ya mifupa ao ya kansere aseme mbele ya kukatwa.

Tufanye nini sasa

Siku ya kutosha jino ndiyo siku ya kuuliza: «Munganga, unaweza kujaza kishimo?» Haizuii hasara yote, lakini inaipunguza. Mbele ya implanti, uliza picha ya skanere, mfupa unatoka wapi, bei yote ya mwanzo mpaka mwisho, na nani atakufuata nyuma. Na kama makuta haitoshi, meno ya kuvaa na kuvua yangali dawa ya heshima. Usiuze shamba la watoto juu ya jino moja.

Kama jino lilivunjika kazini, liandikishe siku ile ile. Tuliona mahali fulani mkubwa wa kazi anasema «ni jino tu», aksida haiandikwe. Miaka nyuma, mfupa umekwisha na karatasi hakuna. Bila karatasi, CNSS haiwezi kukusikia vizuri. Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mwenye kazi kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakiwa wagonjwa. Lakini meno ya kuweka na kujaza mfupa ni vitu tunapaswa kuandika wazi ndani ya mapatano yetu na kampuni.

Delege wako anajitayarisha kwa mazungumzo yanayokuja? Mwendee juma hili. Mwambie meno iingie mu orodha pamoja na mapafu na mgongo. Na wewe uliyepigwa ku taya mwezi uliopita, usingoje: miezi 3 ya kwanza inapita mbio.