Nyarugusu Mbili: Wajibu wa Viongozi kwa Mtoto wa Vitani na Mtoto wa Machimboni

Na Mwandishi Wetu

Katika ramani ya Tanzania, jina Nyarugusu linaonekana mara mbili. Nyarugusu ya kwanza ipo wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Nyarugusu ya pili ipo wilayani Geita. Ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lenye maduara, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea mchanga wenye dhahabu. Katika ile ya kwanza, mtoto hufika akiwa amekimbia bunduki. Katika hii ya pili, kama ilivyo katika maeneo mengine ya machimbo ya Kanda ya Ziwa, mtoto anaweza kukutwa amejitwika kiroba cha mawe wakati wenzake wako darasani.

Kwa wengi hizi ni habari mbili zisizohusiana. Sheria ya kimataifa inaziweka pamoja. Mkataba Na. 182 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa Juni 1999, unataja katika ibara moja aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto. Humo umo utumwa, pamoja na kuwaingiza watoto vitani kwa lazima, umo ukahaba, kuna kuwatumia watoto katika uhalifu kama biashara ya dawa za kulevya, na ipo kazi ambayo kwa asili yake au mazingira yake inaweza kudhuru afya, usalama au maadili ya mtoto. Tanzania iliuridhia Mkataba huo mwaka 2001. Ilipofika Agosti 2020, nchi zote 187 wanachama wa ILO zilikuwa zimeuridhia, na hivyo ukawa mkataba wa kwanza katika historia ya shirika hilo kukubaliwa na wanachama wote.

Makala haya yanaeleza jinsi wito wa kuwalinda watoto, uliotolewa na watoa huduma za kibinadamu katika maeneo ya vita, unavyowahusu viongozi na wananchi wa Shinyanga na Geita.

Wito uliotoka vitani

Mwaka 1996, Graça Machel, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Msumbiji, aliwasilisha katika Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu athari za vita kwa watoto. Ripoti hiyo iliyapeleka mbele ya viongozi wa dunia mambo ambayo wauguzi, walimu na wafanyakazi wa misaada walikuwa wakiyaona kila siku: watoto wenye bunduki, watoto waliopoteza wazazi na shule zilizogeuzwa kambi za askari. Matokeo yake, Umoja wa Mataifa ulianzisha nafasi ya Mwakilishi Maalum wa Katibu Mkuu kuhusu Watoto na Migogoro ya Silaha. Mwaka 1999, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio Na. 1261, likatambua kuwa ulinzi wa watoto ni suala la amani na usalama wa dunia.

Wito huo ulipata uzito wa kisheria karibu na mipaka yetu. Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji katika eneo la Ituri nchini Kongo, kwa kosa la kuwaandikisha watoto wenye umri wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika mapigano. Julai mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Ilikuwa hukumu ya kwanza kutolewa na Mahakama hiyo tangu kuanzishwa kwake. Ituri, kama ilivyo Geita, ni ardhi yenye dhahabu.

Fundisho la hukumu hiyo ni kwamba kumlinda mtoto si hisani ambayo kiongozi huitoa anapotaka. Ni wajibu, na anayeukiuka anaweza kuulizwa mbele ya sheria.

Wito huo katika maduara

Tanzania haina vita, na watoto wa Shinyanga na Geita hawasikii milio ya risasi. Hata hivyo, swali ambalo watoa huduma waliwauliza viongozi wa maeneo ya vita linafaa kuulizwa hapa pia: mtoto anapokuwa mahali pa hatari, nani mwenye dhamana ya kumtoa?

Agosti 2013, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini. Watafiti wake walifika katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na kuzungumza na zaidi ya watu 200, wakiwemo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi machimboni. Baadhi ya watoto waliokutwa walikuwa na umri wa miaka minane. Walichimba, walibeba mawe, waliyaponda na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Ripoti hiyo ilitoa wito kwa mamlaka kuimarisha ukaguzi, kuwaepusha watoto na zebaki na kuzisaidia familia zenye yatima.

Takwimu za Serikali nazo zinaonesha ukubwa wa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulibainisha kuwa watoto takribani milioni 4.2 wa Tanzania Bara, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, walikuwa katika utumikishwaji. Wengi wao walikuwa katika kilimo. Walio machimboni ni sehemu ndogo ya idadi hiyo, lakini kazi wanayoifanya ni miongoni mwa zile zenye hatari kubwa zaidi.

Kwa nini machimbo ni hatari kwa mtoto

Wakazi wa Kahama hawajasahau tukio la Nyangalata. Oktoba 2015, duara liliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Watano kati yao waliokolewa wakiwa hai Novemba, baada ya kukaa chini ya ardhi kwa siku 41. Hao walikuwa watu wazima, wenye nguvu na uzoefu wa kazi. Anayemshusha mtoto katika duara anamweka mahali ambapo hata mtu mzima hana uhakika wa kutoka.

Hatari nyingine haina kishindo. Katika uchenjuaji wa kienyeji, mawe husagwa hadi kuwa unga, kisha unga huo huchanganywa na maji na zebaki. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge hilo huchomwa, zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani, na aliye karibu huuvuta bila kujua. Zebaki huathiri ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Dalili zake ni pamoja na kutetemeka, kusahau na kushindwa kuratibu mwendo. Mtoto huathirika zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu ubongo wake bado unakua, na mimba hudhurika kupitia mama. Kwa hiyo mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake mwaloni, au anayelala katika nyumba ambamo dhahabu huchomwa, yumo hatarini hata kama hajawahi kushika sururu. Vumbi la mawe yanayosagwa nalo huharibu mapafu taratibu, na madhara yake huonekana baada ya miaka.

Kutokana na hatari hizo, Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo kuwa na mpango wa kitaifa wa kupunguza zebaki, ikiwa ni pamoja na kukomesha uchomaji katika makazi ya watu na kuwakinga watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa upande wa teknolojia, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) limejengewa vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa mkoani Geita, Katente wilayani Bukombe na Itumbi wilayani Chunya, ili wachimbaji wadogo wajifunze njia bora zaidi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Inaruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Inakataza kazi za usiku, na inakataza kazi hatarishi kwa kila mtoto. Uchimbaji wa madini, uchimbaji wa mawe, ubebaji wa mizigo mizito na kazi zinazotumia kemikali vimo katika orodha ya kazi hatarishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inazuia kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya miaka 18.

Hapa ni vyema kutofautisha. Mtoto kuchota maji, kuosha vyombo au kumsaidia mzazi shambani baada ya masomo ni sehemu ya malezi. Kinachokatazwa ni kazi inayomwibia mtoto afya, usalama au shule. Aidha, kusema kwamba mtoto amekwenda machimboni kwa hiari yake, au kwamba mzazi wake ameridhia, hakuihalalishi kazi hiyo. Mtoto wa miaka 16 aliye ndani ya duara yupo kinyume cha sheria, hata kama analipwa vizuri.

Nani afanye nini

Katika kambi za wakimbizi, watoa huduma wanapompokea mtoto aliyefika peke yake huanza kwa maswali machache. Huuliza jina lake, wazazi wake walipo na mtu aliyekuja naye. Humwandikisha, humtafutia mlezi wa muda na kuanza kuitafuta familia yake, huku wakimpeleka shule. Utaratibu huo hauhitaji mitambo. Unahitaji mtu mwenye dhamana anayemwona mtoto na kukataa kumpita.

Utaratibu huo huo unawezekana machimboni. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa ndiye wa kwanza kujua kwamba machimbo mapya yamefumka na kwamba watu wamehamia na watoto wao. Mtendaji wa kata anaweza kulinganisha orodha ya utoro shuleni na hali ilivyo kwenye makarasha na mialo. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo na mwenye duara wana wajibu wa kuhakikisha kuwa hakuna mtoto anayefanya kazi katika eneo lao, wala mtoto anayekaa karibu na zebaki. Mwalimu mkuu anapaswa kutoa taarifa mapema, kabla utoro wa wiki moja haujawa wa muhula mzima. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayemfuatilia mtoto na familia yake, kwa kuwa mtoto akiondolewa machimboni bila njaa ya nyumbani kushughulikiwa, atarudi.

Kumrudisha shuleni kunawezekana zaidi leo kuliko zamani. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za umma, na baadaye utaratibu huo ulifika kidato cha tano na sita. Tangu Novemba 2021, wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Yapo mahitaji ambayo ada haikuyagusa, kama vile sare, daftari na chakula. Hayo ndiyo mambo ambayo kamati za shule na wadau wa maendeleo wanaweza kuyabeba.

Mwananchi na namba 116

Sheria ya Mtoto haikuuacha ulinzi huu mikononi mwa viongozi peke yao. Mwanajamii anayeona haki za mtoto zikivunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa katika mamlaka ya serikali ya mtaa. Taarifa hutolewa pia kwa afisa ustawi wa jamii, katika Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika vituo vya Polisi, au kwa kupiga simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo haina malipo. Anayetoa taarifa aeleze mahali, muda na kazi aliyoona mtoto akiifanya. Hahitaji kujua jina la mtoto, wala hatakiwi kumhoji.

Kila mwaka, Juni 12 ni Siku ya Kupinga Utumikishwaji wa Watoto Duniani, na siku nne baadaye, Juni 16, ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Katika siku hizo hotuba hutolewa na watoto huandamana wakiwa na mabango. Kazi yenyewe inabaki katika siku nyingine zote za mwaka, pale mtu mwenye dhamana anapofika mwaloni, anapomkuta mtoto na kuuliza maswali yale yanayoulizwa katika Nyarugusu ya Kigoma: huyu ni mtoto wa nani, analala wapi, na kwa nini leo hayupo shuleni?