Akitoka Kwenye Unga, Usimwache Peke Yake

Hapa Pwani tukizungumza kuhusu unga, swali letu huwa ni moja tu: ameacha au hajaacha? Mimi pia nilikuwa nikiuliza hivyo, mpaka tulipomzika mtoto wa ami yangu.

Ami alimfungia chumbani wiki mbili. Alitapika, akaharisha, akatetemeka, mifupa ikamuuma. Hiyo ndiyo arosto. Ya heroini huanza ndani ya siku moja baada ya kipimo cha mwisho, huwa kali siku ya pili na ya tatu, kisha baada ya wiki hivi mwili hutulia. Naye alitulia. Akanenepa, akarudi msikitini, sote tukashukuru. Mwezi wa pili akapita maskani yake ya zamani, akajidunga kipimo kile kile alichokizoea. Asubuhi tukamkuta chooni, ameshafariki.

Miaka mingi nilidhani ni ukaidi uliomuua. Baadaye muuguzi mmoja akanifahamisha. Mwili uliozoea unga huhimili kipimo kikubwa, lakini ukikaa bila unga, uwezo huo hupungua upesi. Kipimo cha zamani huweza kuzima pumzi. Kwa hivyo siku za hatari kubwa ni zile anapotoka kituo cha matibabu, gerezani, au chumbani kwa ami, akiwa "ameshapona".

Ndiyo maana tiba haiishii kwenye kusafisha mwili. Malindi ilianza kutoa methadoni mwaka 2015, na Mombasa ipo kliniki Kisauni. Mgonjwa hunywa dozi moja kwa siku mbele ya mhudumu. Dozi ikiwa sawa halewi, arosto haimshiki, na anaweza kwenda kazini. Wapo barazani wasemao hawa wamebadilishiwa ulevi tu. Mbona mwenye kisukari anayedungwa insulini kila siku hatumsemi hivyo? Wengine huihitaji methadoni kwa miaka, na kuikatiza ghafla huwarudisha walikotoka.

Wa pombe, iwe mnazi au chang'aa, ana njia nyingine, na methadoni si dawa yake. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu msimfungie nyumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, hata akafa. Aanzie hospitali.

Sasa sisi majirani tufanye nini? La kwanza ni nauli. Kwenda kliniki kila siku ni gharama, na kijana asiye na kazi akikosa nauli hukosa dozi. Msikiti unaochangisha zulia waweza kuchangisha hiyo pia. La pili ni shughuli: mwenye duka, karakana au mashua ampe kazi hata ya nusu siku, maana asiye na pa kwenda hurudi maskani. La tatu, tuache kumwita teja mbele ya wanawe.

Ramadhani ikifika, asiache dozi kimya kimya. Azungumze na daktari wake na imamu wake. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Na akirudia? Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Msimfukuze, maana anayejificha hutumia peke yake, na akizidiwa hakuna wa kumwona. Ukimkuta hazinduki na pumzi inakatika, mkimbize hospitali na useme wazi alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi, lakini ni kwa anayewahiwa. Kwa ushauri, nambari ya NACADA, 1192, hupigwa bure.

Ami yangu bado hujilaumu. Mimi humwambia tulikosea sote: tulihesabu siku za kumfungia, hakuna aliyeuliza akitoka ataamkia wapi. Mwenyezi Mungu amrehemu, na wako akirudi nyumbani, liulize swali hilo mapema.