Ubongo wa panya wafundisha: upweke na sumu vinagusa enzimu moja

Panya watatu dume, wote wa mama mmoja. Wanapofikisha siku 25, wanatenganishwa. Wa kwanza anawekwa katika kizimba kikubwa pamoja na wenzake kumi hivi, na vitu vya kuchezea vinavyobadilishwa kila siku. Wa pili anakaa na wenzake wawili katika kizimba cha kawaida. Wa tatu anafungiwa peke yake. Chakula na maji, wote wanapata sawa.

Ndivyo walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley nchini Marekani, katika miaka ya 1960. Wanasaikolojia Mark Rosenzweig na David Krech walifanya kazi na mkemia Edward Bennett, kisha Marian Diamond, mtaalamu wa anatomia, akajiunga nao. Walichokuwa wakipima ni enzimu iitwayo asetilikolinesterasi.

Enzimu hiyo inafanya nini? Seli moja ya ubongo ikitaka kupeleka ujumbe kwa nyingine, inaweza kutumia kemikali inayoitwa asetilikolini. Ujumbe ukishafika, enzimu inavunja kemikali hiyo ili nafasi ipatikane kwa ujumbe mwingine. Bila hiyo, ni kama kengele inayolia bila kukoma.

Baada ya siku 80, bongo zilipimwa na watu wasiojua panya yupi aliishi wapi. Tabaka la juu la ubongo wa panya waliocheza pamoja lilikuwa zito kuliko la ndugu zao waliofungiwa peke yao, na kwa jumla lilikuwa na nguvu zaidi ya enzimu. Wakati huo, wataalamu wengi waliamini kwamba maisha hayawezi kubadilisha ubongo.

Wenye shaka waliuliza: si ni kwa sababu panya walishikwashikwa, ama walipata mashaka? Basi wengine wakashikwa kila siku, na wengine wakasumbuliwa kwa kuzungushwa ndani ya pipa au kwa umeme kidogo. Tofauti zile za ubongo hazikuonekana.

Lakini kuna kitu kinachoweza kuangusha enzimu hiyo kwa muda mfupi: dawa za kuua wadudu za jamii ya organofosfati, kama malathioni na diklovosi, inayojulikana pia kama DDVP. Zinaishika enzimu na kuizuia kufanya kazi. Hapo mtu anapata dalili: mate, machozi na jasho vinatiririka, mboni za macho zinakuwa ndogo, misuli inatetemeka, pumzi inakuwa shida.

Kwa mkulima wa Kabare ama Lubero anayebeba pompi mgongoni, jambo hili si la laboratwari tu. Avae glavu na afunike pua na mdomo, asipulizie akielekea upepo, aoge na sabuni baada ya kazi, na chupa ya dawa isiwekewe kamwe maji ya kunywa. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali haraka. Chupa ya dawa ama karatasi yake ibebwe pia, ili muganga ajue ni sumu gani.