Kikohozi Hakizibui Mshipa wa Moyo

Daktari wa moyo hana pa kujificha. Akiwa semina, msibani au kwenye foleni ya benki, atatokea mtu wa kumuuliza: "Daktari, nikipata mshtuko wa moyo nikiwa peke yangu, nikohoe mara ngapi?" Jibu ni sifuri. Tatizo ni kwamba muulizaji huwa ameshausambaza ujumbe wa kukohoa kwenye makundi matatu ya WhatsApp.

Ujumbe wenyewe ni mkongwe. Ulianza kuzunguka kwa barua pepe mwaka 1999. Unadai kwamba mgonjwa ana sekunde kumi kabla ya kuzimia, na kwamba akivuta pumzi na kukohoa kwa nguvu ataubana moyo mpaka urudie mapigo yake. Shirika la Moyo la Marekani limeshasema halikubaliani na njia hiyo kwa mtu aliye peke yake. Ujumbe haukukoma.

Kilichoupa sura ya kitaalamu ni jambo la kweli lililopotoshwa. Mwaka 1976, J. Michael Criley na wenzake wa California waliripoti habari za wagonjwa ambao mapigo ya moyo yalivurugika wakiwa mezani, katika chumba cha uchunguzi wa mishipa ya moyo. Waliambiwa wakohoe, na wakabaki na fahamu kwa sekunde 24 hadi 39, hadi mashine ya kushtua moyo ilipotumika. Walikuwa wameunganishwa na mitambo, madaktari wamesimama pembeni, na tatizo lao lilionekana kwenye skrini sekunde ileile lilipoanza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana ndani ya daladala ya Mbagala.

Tena wale hawakuwa na tatizo ambalo ujumbe unadai kulitibu. Katika mshtuko wa moyo, kwa kawaida moyo bado unapiga. Donge la damu limeziba mshipa unaoulisha, na misuli iliyokosa damu inakufa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Kukohoa ili donge hilo liondoke ni sawa na kupiga honi ukitegemea lori lililopinduka mlima Kitonga lijiinue. Na moyo ukisimama kweli, mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Hapo anahitaji kukandamizwa kifua na mtu mwingine. Anayekaa kitandani akihesabu vikohozi anapoteza dakika ambazo angezitumia kuwaita majirani na kutafuta gari.

Ubaya ni kwamba hata akifika hospitali, uzushi mwingine unaweza kumpokea, huu ukiwa umevaa koti jeupe: "Hivyo ni vidonda vya tumbo." Anapewa dawa ya kupunguza asidi, kifua kinatulia kidogo, na nafuu hiyo inahesabiwa kuwa ushahidi. Si ushahidi. Maumivu ya moyo nayo huweza kutulia baada ya dawa ya tumbo.

Gharama ya kubahatisha inajulikana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC, Moshi, wakiwa na maumivu ya kifua au shida ya kupumua, walipimwa na watafiti kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kwa troponini, kipimo cha damu. Waliokutwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, na wengi wao walikuwa wameandikiwa ugonjwa mwingine. Ndani ya siku 30, zaidi ya wawili katika kila watano wenye mshtuko huo walikuwa wamefariki.

Hapo ndipo mtu husema: tatizo ni umaskini, si kila mkoa una Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ni kweli, lakini aspirini iko kila duka la dawa. Utafiti mkubwa wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa 17,187, ulionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa 23% katika wiki tano, na ikiambatana na streptokinasi, dripu ya kuyeyusha donge, kwa 42%. Hakuna kati ya dawa hizo mbili inayohitaji chumba cha upasuaji.

Basi, kwa ufupi, kwa waganga wafawidhi. Mwenye maumivu ya kifua asipange foleni ya malipo. Apigwe ECG ndani ya dakika kumi, na mashine isifungiwe kabatini. Hakuna wa kuisoma? Karatasi ipigwe picha, itumwe kwa daktari wa zamu wa hospitali ya rufaa. Atafune aspirini miligramu 300, isipokuwa ana mzio nayo au anavuja damu. Sindano ya diklofenaki asichomwe. ECG ikionyesha mshipa umeziba kabisa, na rufaa haiwezi kumfikisha kwenye chumba cha kuzibua mishipa ndani ya saa mbili, streptokinasi ianzwe hapohapo, almradi hazijapita saa 12 tangu maumivu yaanze na hana historia ya kuvuja damu kwenye ubongo, kisha asafirishwe. Barua ya rufaa itaje saa maumivu yalipoanza na saa dawa ilipotolewa. Tarehe ya streptokinasi iandikwe pia kwenye kadi anayokaa nayo mgonjwa, kwa sababu mwili hutengeneza kinga dhidi yake, na akipata mshtuko mwingine atahitaji dawa tofauti.