Matembezi ya Msitu wa Jozani

Matembezi ya Msitu wa Jozani ni safari fupi ya miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja, Zanzibar (Tanzania). Hifadhi hiyo ina eneo la takriban kilomita za mraba 50, nayo iko yapata kilomita 35 kusini mashariki mwa Mji wa Zanzibar. Ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya biosfia.

Njia

Matembezi huanzia langoni, kando ya barabara kuu, ambapo mgeni hulipa ada na kupewa kiongozi. Yana sehemu tatu.

Ya kwanza ni njia ya msituni, inayozunguka na kurudi ilikoanzia kwa muda usiofika saa moja. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa udongo, ndiyo maana mitondoo, mikadi na michikichi hustawi hapo, na wakati wa masika njia hujaa maji.

Ya pili ni ng'ambo ya barabara, kwenye vichaka na mashamba ambako kima punju huonekana kwa urahisi zaidi.

Ya tatu ni njia ya mbao iliyojengwa juu ya matope ya mikoko karibu na kijiji cha Pete. Maji yakipwa huonekana kaa na mizizi ya mikoko. Yakijaa huonekana samaki wadogo.

Kima punju

Kima punju (jina la kisayansi: *Piliocolobus kirkii*) hapatikani kiasili popote duniani isipokuwa Zanzibar. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wako zaidi ya 5,800, na spishi hiyo imo hatarini kutoweka.

Chakula chake kikuu ni majani machanga. Tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo bakteria husaidia kuyavunja majani hayo, hivyo matunda mabivu yenye sukari nyingi humdhuru. Kima wanaokula majani ya miembe na mikungu mashambani hula pia mkaa, unaopunguza makali ya kemikali zilizomo katika majani hayo.

Wengi wamekufa kwa kugongwa na magari, hata matuta yakawekwa barabarani ili kupunguza mwendo. Wakulima nao hulalamika kuhusu mimea yao kuliwa. Kwa sababu hiyo sehemu ya mapato ya hifadhi hupelekwa kwa vijiji jirani.

Maandalizi

* Wakati: asubuhi na mapema au alasiri ni bora, kwa kuwa adhuhuri kima hupumzika. Anayetaka kuona maji yamejaa chini ya njia ya mbao aulize kwanza saa za kujaa na kupwa siku hiyo.
* Mavazi: viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu na nguo za kusitiri mabega, kwa kuwa njia hupita karibu na vijiji.
* Vifaa: maji ya kunywa na dawa ya kufukuza mbu. Chakula kisifunguliwe mbele ya wanyama.
* Afya: mwenye mafua au kikohozi aahirishe safari. Kima ni jamaa wa karibu wa binadamu, na maradhi ya njia ya hewa yanaweza kumwambukiza.

Kima wa Jozani wamezoea watu na huweza kushuka hadi karibu na njia. Hata hivyo mgeni hutakiwa kukaa umbali wa mita 3 au zaidi, asiwaguse wala kuwalisha. Kima akimsogelea, mgeni ndiye anayerudi nyuma. Mnyama anayezoea kupewa chakula huwafuata watu hadi barabarani, na huko ndiko anakogongwa.