Kisu Ndicho Kipupwe cha Mzabibu

Sisi watu wa pwani zabibu twazijua zaidi zikiwa kavu. Twazikuta ndani ya biriani, twazitafuna pamoja na lozi siku ya Idi. Na tangu utotoni twasimuliwa habari za Addas, yule mtumwa aliyempelekea Mtume (s.a.w.) kichala cha zabibu bustanini kule Taif, siku aliyofukuzwa mjini kwa mawe. Lakini mzabibu wenyewe, wangapi kati yetu tumeuona umepandwa uani, licha ya kuutunza?

Mimi niliujua nikiwa mbali na kwetu, huku Magwagwa, katika vilima vya Nyamira, nilikoletwa na kazi ya ualimu. Mwaka 2017 kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, alinitembelea na vipando vitatu vilivyofungwa ndani ya gunia la maji maji. Viwili vikaoza, kimoja kikashika, nami nikakijengea kichanja. Mwaka 2019 kaka akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu hapo mti ule haukuwa mti tu. Wageni wakija, mke wangu huwaonyesha: "Huu ndio mzabibu wa shemeji."

Kasoro ilikuwa moja. Ulijaa majani, ukafunika kichanja chote, ukatupa kivuli kizuri cha kunywea chai alasiri. Lakini miaka mitano ikapita bila ya hata tembe moja ya zabibu.

MTI USIOLALA

Sababu yake kaka alikwisha kunieleza. Mzabibu umezoea nchi zenye majira ya baridi kali. Huko majani hupukutika, mti ukalala kwa miezi, na mkulima huupogoa ukiwa usingizini. Hata Jabal Akhdar nchini Oman, kule juu mlimani, baridi yatosha kuulaza. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Mti haujui kuwa mwaka umekwisha. Huendelea kurefuka tu, nguvu zote zikikimbilia nchani, na macho ya chini yakabaki yamefumba. Nazo zabibu hutoka katika chipukizi jipya, lililochomoza kwenye tawi la msimu uliopita. Asiyekata huvuna kamba na majani.

Watu wa Dodoma wanalijua jambo hili tangu wamishenari wa Kikatoliki walipopanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950. Wao hupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Nyingi ya zabibu zile huishia katika viwanda vya mvinyo, na hayo si yetu; lakini elimu ya kisu haina kosa. Basi penye joto, kisu ndicho baridi ya mzabibu.

Yote hayo niliyajua, wala sikuthubutu. Ni nani atakayeukata ukumbusho wa nduguye?

KISU CHA CHAI

Asubuhi moja ya Julai 2022 nilimkuta mzee jirani yangu shambani mwake, akifyeka michai kwa kisu kirefu. Palipokuwa na uwanda wa kijani pamebaki vijiti vitupu, vimefika magotini.

"Bwakire, mwalimu," akanisalimu.

"Mzee, mbona waiua chai yako?"

Akacheka. "Nisipoikata kila baada ya miaka mitatu au minne, itapanda hata mke wangu aichume kwa ngazi. Naikata sasa kwa kuwa ni majira ya baridi na mawingu. Ningeikata Januari, jua lingeichoma mifupa. Nguvu ya mti, mwalimu, haiko katika majani unayoyaona. Iko mizizini. Mizizi ikishiba, kata bila hofu."

Nilirudi nyumbani nikachemsha maji, nikaosha kisu. Mke wangu alisimama mlangoni asiseme neno. Nikabakisha shina na mikono minne. Na juu ya kila mkono, vijiti vifupi vyenye macho mawili mawili. Vingine vyote vikaanguka. Uani pakawa peupe kama nyumba iliyohamwa.

Kesho yake kila penye jeraha palikuwa pakidondoka maji. "Umeuua," akasema mke wangu. "Tazama, unalia." Nami, ingawa nilijua kuwa ni maji tu yanayosukumwa na mizizi iliyo macho, sikulala vizuri usiku ule. Siku zikapita hata, alhamdulillahi, jicho la kwanza likafumbuka, jekundu kidogo, mfano wa ulimi wa paka.

HESABU YA MVUA

Huo ulikuwa upogoaji wa kwanza, wa kutengeneza matawi. Wa pili, wa matunda, niliufanya katikati ya Oktoba. Matawi mapya yalikwisha kuwa ya kahawia, unene wa kalamu; nikayakata nikibakisha macho matano au sita. Wahindi wa Nashik hufanya mfano wa hivyo, Aprili na Oktoba. Kutoka kisu mpaka kuvuna ni miezi minne hivi, na huku juu kwenye ubaridi huzidi. Kwa hiyo mtu hahesabu kutoka leo kwenda mbele. Huanza na miezi yake mikavu, akarudi nyuma. Magwagwa mvua hupungua Januari na Februari, na zabibu inayoiva mvuani hupasuka na kuoza.

Jambo moja usifuate mfano wa chai. Mzee huyaacha majani yaliyokatwa shambani yafunike udongo. Ya mzabibu yaondoe, uyachome, kwa maana ubwiri hujificha humo. Kisha weka samadi, mbali kidogo na shina.

Mapema Machi 2023 tulivuna vichala tisa. Viwili vilikuwa vimeingia ubwiri, ndege wakala kimoja. Kilichokuwa bora nilikifunga katika karatasi, nikakituma Mombasa kwa basi, kwa mama. Akapiga simu usiku: zina ukali kidogo, akasema, ila amewagawia wajukuu wote, watoto wa marehemu kwanza.

Julai iliyofuata nilikuwa nimekaa chini ya kichanja, kivuli kimerudi, nami naona uvivu. Mke wangu akatoka jikoni na kisu kilichokwisha kuoshwa. "Jirani amemaliza chai yake," akasema. "Wewe wangoja nini?"